Magnesiamu Haitaki Maji

"Nilikuandikia magnesiamu—"

"Na mimi nikanunua magnesiamu, sasa kosa langu—"

"—nikaandika usitumie maji kabisa—"

"—na nikamwambia asitumie maji, atafune hivyo hivyo—"

"Nani atafune? Wewe Kitwana, nani atafune bomba?"

"Bomba gani, Mwalimu? Vidonge!"

Karakana ya Kitwana ilikuwa imejaa moshi mweupe, na juu ya bati palikuwa na tundu jipya, kubwa kama sahani ya pilau, jua limeingiza kichwa linachungulia. Sakafuni palikuwa na kichuguu cha chumvi. Ndani ya kichuguu mlikuwa na kiti cha magurudumu, au tuseme kilichobaki. Kitwana mwenyewe hakuwa na nyusi. Alikuwa bado hajui kwamba hana nyusi, na Mwalimu Evarista aliona si wakati wa kumwambia.

"Ile karatasi niliyoichomeka kwenye mto wa kiti," Evarista akasema polepole, kiganja chake cha kulia amekibana kwapani. "Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ilisemaje?"

Kitwana akaitoa kichwani kama mtoto wa madrasa anayetoa sura aliyohifadhi. "'Hii ni magnesiamu. Taratibu sana. Usitumie maji kabisa.'"

"Ehe?"

"Mimi nikajua ni maelekezo ya dawa ya mama mkwe."

Tusimcheke. Mtaa mzima wa Dunda, ni nani asiyeijua magnesiamu? Ni vile vidonge vyeupe vya kiungulia, vinavyotafunwa kama chaki, wala huvishushii maji. Wenye vidonda vya tumbo wanatembea navyo mfukoni kama wengine wanavyotembea na pipi. Kitwana alipoikuta karatasi kwenye mto wa kiti cha mama mkwe wake hakufikiri mara mbili. Alikwenda duka la dawa, akanunua pakiti mbili, akazituma kwa bodaboda pamoja na salamu: mkweo anasema utafune taratibu, usinywee maji. Njia nzima ya kurudi alikuwa anajisifu. Mkwe gani mwingine hapa Bagamoyo anayelijali tumbo la mama mkwe?

"Yesu na Maria," Evarista akasema. "Na akatafuna?"

"Nasikia katafuna."

Evarista akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mtu wa bara, aliyefundisha ufundi kwenye chuo cha misheni mpaka akachoka, kisha akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, akiwa na mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni, ya pekee mtaani. Juzi Kitwana alikipeleka kile kiti kwake akitaka ushauri, hakumkuta, akakiacha. Evarista aliporudi alikipima. Alilikwangua bomba kwa tupa, akalidondoshea ndimu. Pale pale chuma kikatoa povu kama soda iliyotikiswa. Aluminiamu haifanyi hivyo. Akaandika karatasi, akakirudisha, akaenda zake Chalinze kwenye mazishi, roho imetulia.

Kwa Kitwana, kitu chochote cha chuma ukikiinua kwa kidole kimoja, jina lake ni aluminiamu. Basi. Asubuhi hiyo alikuwa amelisaga lile bomba lililopata ufa, unga wa kijivu ukarundikana chini ya kiti vizuri kabisa, kama umeandaliwa, halafu akapachika fimbo ya kuchomelea na kugusa.

Mwanga uliotoka hapo haukuwa wa dunia hii. Ulikuwa mweupe, tena mweupe mpaka vivuli vya watu barabarani vikageuka upande. Kitwana akafanya ambalo mtoto yeyote wa mama angefanya: akachukua ndoo, akamwaga maji. Na maji yakageuka baruti. Kishindo kikatoboa bati. Ndipo Evarista akaja mbio kutoka ng'ambo, anapiga kelele, "Si maji! Chumvi! Chumvi kavu!" akabeba gunia zima kutoka kibanda cha Mosi muuza chumvi, akaufukia moto ule kama anayemzika nyoka. Kiganja kikaungua hapo. Mosi mpaka sasa alikuwa nje analia, "Chumvi yangu jamani! Chumvi yangu ya watu!"

"Saa ngapi sasa hivi?" Kitwana akauliza.

"Saa nne kasoro."

"Mwalimu, mimi nimekwisha."

Na kweli alikuwa amekwisha. Mke wake, Saida, alikuwa kwao wiki ya tatu sasa. Aliondoka kwa sababu ya mlango wa bafu. Kitwana ametengeneza mageti ya nusu ya Dunda, yenye maua, yenye simba, yenye majina ya watoto wa watu, lakini bafu la nyumbani kwake lilikuwa na pazia la khanga tangu walipooana, miaka tisa. Siku moja mgeni akaingia, Saida yuko na sabuni usoni. Jioni hiyo hiyo akafunga mzigo. Kitwana akautengeneza mlango kwa usiku mmoja, akautia na makomeo mawili. Saida akaja, akautazama, akacheka kidogo, akasema, "Nitarudi." Lakini hata kabla hajarudi, kiti cha mama yake kikapata ufa, mguu wa mbele ukalala. Mama huyo, Bi Somoe, hatembei. Bila kiti, Saida ndiye aliyekuwa miguu.

Mjomba Yahya akatoka Pangani kuja kukata shauri, kama ilivyo kawaida ya wajomba. Akasema mbele ya wote: "Ijumaa hii, baada ya swala ya alasiri. Kiti kikisimama, Saida arudi kwa mumewe. Kisiposimama, Jumamosi alfajiri nawachukua wote wawili, mama na mwana, twende Pangani. Sitamwacha dada yangu chini kama mkeka." Na Pangani, kila mtu anajua, wanawake wakienda kuuguza hawarudi. Wanazeeka huko.

Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Evarista akafukua chumvi kwa mkono wa kushoto. Kiti kilikuwa kimenusurika kuliko walivyodhani: bomba la mbele upande wa kushoto, lile lenye mkunjo wa kushikia gurudumu dogo, ndilo lililoliwa lote. Mahali pake palibaki majivu meupe yanayopukutika ukiyapumulia.

"Bomba jingine la hivi tunapata wapi?" Kitwana akauliza.

"Hapa nchini? Hupati." Evarista akakizunguka kiti. "Ila hapa nyuma kuna mishikio miwili ya kusukumia. Unene ule ule, chuma kile kile. Tunakata mmoja, tunaukunja, tunaupachika mbele."

"Atasukumwa kwa mshikio mmoja?"

"Bora mshikio mmoja na magurudumu manne, au mishikio miwili na matatu?"

Kitwana akaukata mshikio wa kwanza kwa msumeno wa mkono, taratibu, Evarista amemsimamia anakusanya kila chembe ya unga kwenye kopo. Baadaye kidogo Evarista akaingia ndani kufunga kiganja kitambaa. Hapo ndipo Kitwana alipofanya ujinga wake wa pili wa siku. Aliona muda unakwenda. Mabomba ya mageti ameyakunja maelfu, anayaegemeza kwenye goti, anavuta, yanatii. Akaliegemeza na hili, akavuta.

*Ta!*

Halikukunjika hata kidogo. Lilivunjika kama muhogo mkavu.

Evarista akatoka, akayaona yale mapande mawili, akayaokota moja moja, taratibu. Bora angetukana. Kitwana aliketi chini, akafunika uso kwa mikono, na ndipo vidole vyake vilipogundua kwamba juu ya macho hamna nywele.

"Mwalimu," akasema ndani ya viganja, "mbona hukuniambia sina nyusi?"

"Ungefanya nini, ungezichomelea?"

Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Alilia kama wanaume wa pwani wanavyolia, bila sauti, anajifanya moshi umemwingia. Evarista akamwachia dakika moja, akaihesabu, kisha akampiga teke la kiatu.

"Inuka. Umebaki mshikio mmoja. Huu ukivunjika nitakwenda mwenyewe kumsalimia Saida Pangani. Chuma hiki kikiwa baridi ni kikaidi, hakikunjiki. Kikipata moto wa kiasi kinakuwa kama ubuyu uliolowekwa. Moto ukizidi kinawaka, umeshaona. Sasa, nyumbani kwako karai liko?"

"Liko."

"Mchanga mkavu? Mkavu, Kitwana, si wa pwani."

"Uko wa ujenzi, umekaa juani tangu mwezi wa sita."

"Na karanga."

"Karanga?"

"Karanga, baba. Wewe si mtu wa pwani? Hujawahi kuona mama zako wanakaanga karanga kwenye mchanga?"

Wakawasha jiko la mkaa, wakabandika karai la mchanga, wakaukata mshikio wa pili, wakaufukia humo wote. Evarista alikuwa hana kipimajoto, kilibaki chuoni pamoja na ujana wake. Akawa anatupia karanga moja moja juu ya mchanga. Karanga ikitoa harufu tu, bado. Ikigeuka hudhurungi, bado. Ikiwa nyeusi pande zote kabla hujamaliza kusema bismillahi, hapo ndipo. Ikishika moto, toa chuma mbio.

Adhana ya Ijumaa ikawakuta wamekaa wanatazama karanga.

"Nenda kaswali," Evarista akasema. "Mchanga hauhitaji watu wawili, na mimi wa kwangu ni Jumapili."

Kitwana akaenda, akakaa safu ya mwisho kabisa. Jirani yake wa kulia akamtazama uso, akarudia kutazama, akanong'ona, "Kitwana, umenyoa nini?" Hotuba yote haikumwingia. Alipoinama kusujudu hakuomba nyumba wala afya. Alisema: Mola wangu, bomba lisikatike. Akaona ombi ni dogo mno kwa pale alipo, akaongeza, na umsamehe mama mkwe wangu, akajuta, kwa sababu hakujua asamehewe kwa lipi. Bi Somoe hakuwahi kumkosea. Ila kwa miaka tisa hakuwahi kumsemesha. Wakikaa chumba kimoja, hatua mbili katikati yao, anamgeukia Saida: "Mwambie huyo fundi wenu chai iko tayari." Kitwana alikuwa amezoea kuwa mtu wa kuambiwa kupitia kwa mtu.

Aliporudi, karanga ilikuwa nyeusi.

"Sasa!" Evarista akasema. "Glavu. Toa. Kwenye gogo. Usivute, sukuma. Kama unamgeuza mtoto aliyelala."

Kitwana akasukuma. Chini ya glavu alilisikia bomba likikubali, kidogo, kidogo tena, bila kelele yoyote, mpaka mkunjo ukakaa kama ulivyokuwa wa zamani, au jirani ya hapo. Akatazama kama kuna ufa. Hakuna.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Amina. Bado hujafanya kitu."

Wakakivusha kiti mpaka karakana ya Evarista. Na hapo ndipo Kitwana alipoambiwa lile alilokuwa anaogopa tangu asubuhi: kile kiganja kilichoungua hakiwezi kushika tochi ya argoni. Atachomelea yeye.

"Mimi? Mimi fundi wa fimbo!"

"Nitakusimamia. Sikiliza. Chuma ulichozoea wewe kinakuaga kabla ya kuyeyuka. Kinakuwa chekundu, halafu cheupe. Hiki hakiagi. Kitang'aa tu kama jicho la samaki mbichi, ukichelewa kimeanguka chini. Kwa hiyo usikimbize na usikae."

"Nisikimbize na nisikae. Sasa nifanye nini katikati?"

"Uende."

Hawakuwa na fimbo za kujazia za chuma kile. Evarista akamwambia achane vipande vyembamba kutoka kwenye ule mshikio uliovunjika, avisugue kwa brashi ya waya mpaka ving'ae. Hivyo ndivyo ujinga wa pili wa siku ulivyopata kazi. Akajaribia kwenye pande lililobaki: jaribio la kwanza likatoboka, la pili likatoboka, la tatu likashika. Mtungi wa gesi ulikuwa unakaribia kwisha, mshale umelala. Hakukuwa na la nne.

Akavuta kinyago. Ndani ya kile kigiza cha kijani alikiona kidimbwi kikizaliwa, kidogo kuliko punje ya mtama, kinatetemeka. Akakilisha kijiti. Akaenda. Sauti ya Evarista ilikuwa sikioni, "Nenda, nenda, usikae, nenda," kama mkunga. Upande wa juu ukashika. Akaanza upande wa chini. Katikati ya safari, umeme ukakatika.

Feni ya jirani ikazunguka mara mbili za mwisho.

"Hapana," Kitwana akasema. Akavua kinyago. "Hapana, hapana, hapana, si sasa. Mwalimu, saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro robo."

Wakakaa. Kuna kukaa, na kuna kukaa unasikiliza waya. Kitwana aliona mbele yake basi la Pangani, Saida dirishani, ameshika kichwa cha mama yake kisigonge kioo. Hakuweza kumchukia katika picha ile. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma zaidi. Evarista alikuwa amezungushia blanketi kwenye kiungo kisipoe ghafla, kama anafunika mgonjwa wa homa.

Umeme ulirudi saa tisa na dakika kumi. Kitwana akamaliza nusu iliyobaki, na gesi ikafia mkononi mwake, puf, akiwa anainua tochi. Kidole kimoja zaidi na ingekuwa habari nyingine. Halafu, kwa mazoea tu ya miaka kumi na mitano, mkono wake ukaenda peke yake kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, ili apoze kazi.

Evarista akaipiga ndoo teke mpaka barabarani. Mtu wa bodaboda akalowa, akatukana.

"Hiyo," Evarista akasema anahema, "ndiyo karatasi niliyokuandikia."

Walikifukia kiungo kwenye mchanga wa moto, wakasubiri kipoe chenyewe mpaka adhana ya alasiri ikapita. Kitwana akapanda bodaboda, kiti amekipakata kama bibi harusi, magurudumu yanazunguka kwa upepo. Evarista akafuata na ya pili, kiganja kimefungwa, akisema anakwenda kuhakikisha tu hakuna anayekichomelea tena.

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa kwenye mji wa zamani, ukumbi wake mrefu, sakafu ya saruji nyekundu inayong'aa. Mjomba Yahya alikuwa keshaswali, amekaa kwenye mkeka, mabegi mawili yamefungwa mlangoni. Bi Somoe alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea magoti ya Saida. Saida alikuwa anamsuka. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha, nusu bado.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba," mjomba akasema. Bi Somoe akaitikia kwa kichwa. Saida alimtazama mume wake usoni, akaona pale palipokuwa na nyusi, akajiziba mdomo kwa kiganja. Haikujulikana ni kicheko au ni nini.

Mjomba Yahya alikikagua kiti kama anayenunua ng'ombe. Alikiinua, akakiangusha kidogo, akakikalia mwenyewe, akajitikisa na kilo zake zote. Kiti kikanyamaza. Akapitisha kidole kwenye kiungo.

"Kazi mbaya kwa macho," akasema.

"Mbaya, mjomba."

"Lakini imeshika. Pa kusukumia pako wapi?"

"Hapapo. Ndiko chuma kilikotoka. Atajisukuma mwenyewe kwa magurudumu. Akipenda."

"Mtu wa nyuma ashike wapi, basi?"

"Hana pa kushika, mjomba."

Wakamwinua Bi Somoe, wakamketisha. Akaweka viganja vyake kwenye magurudumu, akasukuma. Kiti kikaenda, chepesi, hakina hata mlio, mpaka mlangoni. Akageuka, akarudi. Hakuna aliyemgusa. Saida alikuwa amenyoosha mikono nyuma yake kwa mazoea, ikabaki hewani, haina pa kushika, akaishusha.

"Basi," Mjomba Yahya akasema, akipiga goti. "Neno ni neno. Saida, chukua begi lako, mwanangu. Kitwana, mke wako huyu. Mlango wa bafu nitakuja kuuona kwa macho yangu."

Kitwana akainama, akaushika mkono wa mjomba kwa mikono yake miwili. Evarista, kule mlangoni, akajipangusa jicho kwa kitambaa cha kiganja. Saida akachukua begi. Akarudi, akainama juu ya kile kichwa kilichosukwa nusu, akakibusu.

"Jumapili nitakuja kumalizia, mama. Au ukipenda Jumatatu."

Bi Somoe akaishika nusu ya kichwa chake isiyosukwa, pale ilipokuwa mikono ya binti yake. Kisha akakitazama kile kiungo kibaya chini ya goti lake la kushoto, anakipapasa kwa kidole gumba, huku na huku. Halafu akakisukuma kiti, yeye mwenyewe, akampita kaka yake, akampita binti yake, akakisimamisha mbele ya Kitwana. Akainua uso. Hakumtazama Saida amtafsirie.

"Kitwana, mwanangu," akasema. "Kivunje tena."